Walipotuita Ndugu Mara Tatu

Madam wangu alikuwa daktari wa meno, na kwa miaka yote niliyomfanyia kazi sikumwona akimwogopa mtu yeyote isipokuwa mtangazaji wa taarifa ya habari ya jioni. Mtangazaji mwenyewe alikuwa kijana wa watu, nywele kazilaza kwa mafuta, kila siku tai ya rangi nyingine. Akifungua mdomo tu, madam anaacha kijiko juu ya sahani, anapandisha miguu kwenye kochi, ananiambia, "Nyamaza, habibti." Na mimi sijasema neno. Nimesimama tu mlangoni nimenuna, kwa sababu wali unapoa, na mchele wa basmati ukishapoa hauna raha tena.

Tulikaa Mankhool, upande wa Bardubai, ghorofa ya tatu, chini yetu duka la mashuka na kinyozi wa Kipakistani aliyepiga redio kuanzia asubuhi. Kliniki ya madam ilikuwa mtaa wa pili, unafika kwa miguu kabla jasho halijaanza kukutoka. Mwaka ulikuwa 2007. Mimi natoka Tanga. Nilikwenda Dubai kupika na kusafisha, nikajikuta napika, nasafisha, na kusikiliza siasa za nje za Waarabu wote, jioni hadi jioni, bila nyongeza ya mshahara.

Sababu ilikuwa moja tu. Mama yake madam alikuwa Baghdad, peke yake, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, katika mtaa ambao majirani walikuwa wakipungua. Wengine walihama, wengine walizikwa. Madam alitaka kumtoa mama yake kabla naye hajawa mmoja wa hao wa pili. Hilo ndilo lililotukosesha usingizi nyumba nzima, na nyumba nzima ilikuwa mimi na madam, ukimwongeza na dereva wa kliniki, mtu wa Malindi, ambaye alikula kwetu kila siku kwa kisingizio cha kurudisha funguo za gari.

Huyo mama mimi nilimpa jina la Bi Mkubwa, kabla sijamtia machoni. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa akipiga simu mchana, madam akiwa kazini, na nadhani alifanya makusudi, ili azungumze na mtu asiyemlilia. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, cha vitunguu na sabuni, lakini yeye alikifuata kwa subira, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Ananiuliza leo nimepika nini. Namwambia. Anasema nimekosea. Namwambia amfundishe basi binti yake, maana yeye ndiye anayekisifu chakula changu. Anacheka mpaka anakohoa. Nilimpenda mno mwanamke yule, na sikuona haya kumwambia.

Kumtoa mtu Baghdad mwaka ule haikuwa habari ya tiketi. Ilikuwa habari ya nchi jirani gani leo imeamkaje. Madam alinieleza pole pole, kidogo jana kidogo leo, mimi nikifuta meza. Jordan ilikuwa ndiyo njia yake ya asili, kwani madam alisomea huko. Lakini Jordan ilikuwa imejaa watu wa Iraq, hoteli zake zilishalipuliwa, na sasa ilitaka pasipoti za toleo jipya ambazo Bi Mkubwa hakuwa nazo. Saudia ilikuwa ikizungumzia kujenga uzio. Kuwait hata hatukuitaja. Kuwait ilivamiwa na Iraq zamani, na mtu aliyevamiwa hasahau. "Wana haki," madam alisema siku moja, akimenya chungwa. "Lakini mama yangu hakumvamia mtu."

Ikabaki Syria. Syria ilisema Mwarabu haombi ruhusa kuingia nyumba ya Mwarabu mwenziwe, na kweli watu waliingia, magari kwa magari, mpaka kodi za nyumba Damascus zikapanda na wenyeji wakaanza kunung'unika kwenye foleni za mikate. Madam hakuwa mtoto. Alijua Syria nayo ilikuwa na yake: ilimchukia Mmarekani aliyekaa mlangoni mwake, na kila Mwiraqi iliyempokea ilikuwa ni njia ya kumwonyesha. "Sijali wanampokea kwa mapenzi au kwa kumkomoa mtu," alisema. "Wampokee tu." Na nchi tuliyokuwamo sisi wenyewe ilikuwa rafiki wa kila mtu, mfanyabiashara wa kila mtu, haikutaka kelele barazani kwake. Viza ya Emirati kwa mtu wa Iraq ilidondoka tone tone, kama maji ya bomba lililofungwa vibaya. Kwa hiyo mpango ukawa Bi Mkubwa avuke kwa gari hadi Syria, akae Damascus kwa rafiki wa madam, aingojee viza huko penye usalama.

Mimi mwanzoni niliwakasirikia wote. Nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Nikamwambia madam hawa majirani gani, nyumba ya mwenzao inaungua wao wanahesabu nani aingie. Kisha nikiwa nasugua sufuria siku hiyo hiyo nikamkumbuka baba yangu.

Nilikuwa mdogo, nyumba ya jirani yetu ikashika moto mchana, nyumba ya makuti, upepo wa baharini nao unavumia kwetu. Watu wote walikimbilia kwa jirani. Baba alikimbilia juu ya paa letu. Alipanda na ndoo, akawa anamwaga maji kwenye makuti yetu makavu, mama anampandishia ndoo nyingine, na jirani kule chini analia anamwona. Nyumba yake iliteketea, yetu ikapona. Watu walimsema baba kwa muda mrefu, na yeye hakujibu. Lakini usiku ule watoto wa jirani walilala kwetu, kwenye mkeka wangu, wakanikojolea, na walikaa mpaka baba yao alipoezeka upya. Nilimhadithia madam habari hii kwa Kiarabu changu cha vitunguu, na Kiingereza pale vitunguu vilipokwisha. Nilitaka kumfariji. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kulowesha paa lake kwanza na bado akawa na moyo.

Madam akasema, "Sawa. Mapaa yote yameshalowa, habibti. Sasa watoto walale wapi?"

Nikarudi kwenye sufuria.

Kilichotuunganisha zaidi, ajabu yake, kilikuwa matamko. Mawaziri wa nchi za Kiarabu walikuwa wakikutana, wanakaa kwenye meza ndefu yenye maua, kisha linatoka tamko, na yule kijana wa tai analisoma. Madam alikuwa akinitafsiria. Linaanza kwa kuwasalimia ndugu wa Iraq, linasifu subira yao, linataja damu moja na lugha moja, linasikitika, linasisitiza, linaunga mkono. Madam anatikisa kichwa, uso umelegea. Mimi nasubiri. Baada ya sifa zote hizo ndipo linakuja neno dogo, kwamba pamoja na hayo kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Siku ya kwanza nilicheka kwa sauti na madam akanikodolea macho. Ikabidi nimweleze kwamba hiyo ni desturi ya kwetu kabisa, nilidhani Waarabu hawana.

Kwetu mtu akiulizwa habari, jibu la kwanza ni nzuri. Lazima liwe nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mzee? Mzima, yupo, ila ndiyo hivyo, tumemzika juzi. Hakuna anayeona ajabu. Salamu ni salamu, inapewa haki yake, ndipo jambo lifuate. Mswahili anayesikia "nzuri" hafurahi bado, anasubiri kinachokuja nyuma yake, na akimwona mtu anazidisha nzuri ndipo anapoanza kutafuta pa kukaa.

Madam alilipenda jambo hili kupita kiasi. Lilikuwa mchezo wetu. Tamko likianza, yeye anainua kidole, mimi nainua changu, tunasubiri pamoja, na "lakini" ikifika tunapiga makofi kama watu waliofungwa goli na bado wanashangilia. Dereva wa Malindi aliketi kwenye kiti cha mlangoni na sahani yake mapajani, akitutazama. "Nyinyi wawili hamko sawa," alisema. "Mtu anasomewa habari ya vita, nyinyi mwapiga makofi!"

"Kula, kaka," nilimwambia. "Funguo umeshaleta."

Mwisho wa joto la mwaka ule likatoka tamko ambalo hatukulipigia makofi. Syria itaanza kuwataka watu wa Iraq wawe na viza. Lilisemwa kwa adabu sana. Madam alizima televisheni kabla halijaisha, akaiwasha tena, akaizima. Baada ya siku chache tukasikia limesimamishwa kwa ajili ya Ramadhani, ili watu wasihangaishwe mwezi mtukufu. Mlango ungefungwa, lakini si leo. Madam akashika simu.

Tatizo lilikuwa Bi Mkubwa mwenyewe. Kila mara alipoambiwa aondoke alikuwa na sababu. Mara mchungwa wa uani unazaa. Mara mwanamke wa nyumba ya pili ni mgonjwa na hana mtu wa kumchemshia supu. Safari hii alisema atafunga Ramadhani nyumbani kwake, kama alivyofunga tangu akiwa binti, na baada ya Idi ataangalia. Madam alimlilia, akamgombeza, akamlilia tena. Nilikuwa jikoni, nasikia. Nilitaka kumnyang'anya ile simu.

Kesho yake mchana Bi Mkubwa akanipigia mimi.

"Umepika nini?"

"Sijapika, mama. Ni Ramadhani, na nimekasirika."

"Umemkasirikia nani?"

"Wewe."

Nilidhani nimevunja adabu, na kweli nilikuwa nimeivunja. Kisha akaniuliza kama nililisikia lile tamko la Syria. Nikasema nimelisikia, madam alinitafsiria. Akaniuliza, "Ulihesabu wametuita ndugu mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mara tatu," alisema. "Katika tamko fupi vile. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote. Mzazi akija shuleni akaniita dada mara moja, amekuja kusalimia. Akiniita mara mbili, mtoto amevunja dirisha. Mara tatu, ada hana na wala hatakuwa nayo." Akacheka kidogo, bila kukohoa. "Nimeshafunga begi, binti yangu. Usimwambie bado, ataanza kulia nami nitabadilisha mawazo. Nataka kwanza nimgawie jirani mitungi yangu ya achari."

Niliitunza siri ile siku moja tu, tena kwa taabu. Madam alipoambiwa na mama yake mwenyewe hakulia. Alikwenda dirishani, akasimama akitazama maegesho ya magari ya jengo la pili, mabega yanapanda na kushuka.

Siku ya safari nilibaki nyumbani mpaka adhuhuri, nikashindwa. Hakuna cha kupika mpaka alasiri, kila kitu nimeshakifuta mara mbili. Nikashika miguu nikaenda kliniki. Madam alikuwa anafanya kazi. Alikataa kuifunga kliniki, alisema mikono yake ikikaa bure itamla. Kwa kuwa hawezi kushika simu akiwa na glovu, alikuwa amempa dereva ile simu, maana msichana wa mapokezi alikuwa Mfilipino na Kiarabu hajui, na dereva wetu alishakaa Saudia miaka, Kiarabu anakisema kuliko Kiingereza. Ndiye aliyekaa na simu mapajani, kwenye kiti cha wagonjwa, kama mtu anayesubiri kuitwa kung'olewa jino. Gari la Bi Mkubwa lilikuwa jangwani. Simu yake haikushika. Tulikuwa tunamtegemea dereva wa gari lile, mwenye simu ya setilaiti, apige wakifika mpakani.

Ikalia. Dereva wetu akatoka nayo nje, kwenye jua. Nilimtazama kupitia kioo. Alisikiliza kwa muda mrefu, akasema neno, akasikiliza tena, akaivua kofia yake.

Akarudi ndani, akanipita bila kunitazama, akagonga mlango wa chumba cha matibabu. Nikamfuata nyuma nyuma. Madam alikuwa ameinamia Mhindi mmoja mnene, mwenye duka la vitambaa, mdomo wazi, taa usoni. Aligeuka na kioo chake kidogo mkononi.

"Habari gani?" aliuliza kwa Kiingereza, ndiyo lugha yao ya kazini.

"Nzuri, madam," dereva alisema. "Alhamdulillah. Wote salama. Kila kitu kizuri."

Madam alipiga ukelele. Kioo kilianguka sakafuni. Alimkumbatia kichwa yule Mhindi pale pale kitini, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia mama yangu ametoka, mama yangu ametoka, na Mhindi, mdomo bado umejaa pamba, akainua vidole gumba vyote viwili. Msichana wa mapokezi akaja mbio akaanza kupiga makofi. Madam akageuka kwangu, amenyoosha mikono, glovu zimechafuka, uso wote umefunguka. Sijawahi kuuona uso ule kabla wala baada.

Mimi sikusogea. Nilikuwa namtazama dereva. Nilimjua mtu wa pwani anavyosimama akiwa hajamaliza salamu. Amekunja mikono mbele, kofia ameishika, macho yako chini, na amesema nzuri tatu mfululizo. Nilijua kuna ila inakuja na nilitamani nimzibe mdomo, na wakati huo huo nilitamani amalize upesi, kwa sababu kila dakika madam anavyozidi kufurahi ndivyo atakavyoumia.

"Sema," nilimwambia kwa Kiswahili. "Sema, kaka. Yeye hasubiri, yeye ameshafurahi."

"Ila, madam," alisema, "mpakani wamezuiwa. Ofisa amesema mpaka wawe na viza. Gari limetoka upande wa Iraq, upande wa Syria halijaingia. Wapo katikati. Dereva anauliza awarudishe ama asubiri."

Sitaki kuusimulia uso wake baada ya hapo. Nitasema alichofanya. Alivua zile glovu, akavaa mpya. Akamwambia dereva, kwa sauti ndogo, amwambie mwenziwe asimrudishe mama yake kwa hali yoyote. Akavuta kigoda chake chenye magurudumu, akaketi, akamwambia yule Mhindi afungue mdomo. Alimaliza lile jino. Alipomaliza, alikwenda kwenye sinki ya nyuma ya kuoshea vyombo vyake, akafungua maji, akalia maji yakiwa yanatiririka, nami nilisimama nimemshika mgongo.

Dereva nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi ya kliniki. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nimeyapanga kuanzia lile kubwa.

"Sasa ningeanzaje, dada?" aliniuliza kabla sijasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimwingilie mtu na msiba, hata salamu hajapata? Mimi si mnyama."

Maneno yangu yote yakaniishia. Nilikaa kando yake kwenye ngazi. Nilimwambia hata mimi ningesema hivyo hivyo, na ni kweli, ningesema.

Baadaye tulikuja kuelewa kilichotokea, na mpaka leo nikisikia watu wanazungumzia msimamo wa serikali fulani huwa nakikumbuka. Serikali ya Syria ilisema neno moja, kisha ikasema jingine la kulisimamisha la kwanza. Yote mawili yalisomwa kwenye televisheni, tukayasikia sisi Mankhool, akayasikia Bi Mkubwa Baghdad, wakayajadili waheshimiwa. Ila kijana aliyekaa zamu ile kwenye dirisha la mpaka alikuwa amepewa agizo la kwanza tu. La pili halijamfikia. Hofu ya Jordan, kinyongo cha Kuwait, ugomvi na Marekani, mikutano yenye maua, yote yalikuwa yamesafiri mpaka yakaishia kwenye kidirisha kimoja chenye kijana mwenye njaa ya saumu na simu isiyoshika vizuri. Madam alisema angekuwa na namba ya yule kijana asingehitaji waziri yeyote.

Bi Mkubwa alitusimulia mwenyewe, kwa mapozi, siku alipopata simu nzuri. Aliteremka garini katika ile nchi isiyo ya mtu, katikati ya vituo viwili, akaenda hadi kwenye dirisha. Akamwambia yule ofisa, "Mwanangu, kwenye televisheni mmeniita dada. Sasa dada yenu ana magoti mabovu. Niletee kiti." Yule kijana alimtazama, akamletea kiti. Jua lilipozama ofisa akampa tende zake mwenyewe na maji, wakafuturu yeye ndani ya dirisha, Bi Mkubwa nje, na kwenye kiti kile alikaa usiku ule akijifunika koti, na kila saa alimuuliza kijana kama ameshapiga simu. Asubuhi agizo likafika. Kijana akamgongea muhuri, akamwomba amwombee dua. "Mtoto mzuri," Bi Mkubwa alisema. "Ila mwandiko wake mbaya."

Alikaa Damascus hadi baada ya Idi, na baada ya Idi mlango wa Syria ukafungwa kweli, wakaanza kudai viza, na wale waliosema watavuka kesho wakabaki upande wa pili. Wengine walikuwa marafiki zake. Hakuwa akiwataja kwenye simu, na sisi hatukumuuliza. Kwa upande wetu madam alikuwa akishinda kwenye ofisi za hapa, sasa zamu ya Emirati kuwa jirani. Watu walimpokea vizuri sana. Walimpa chai. Walimwambia Iraq iko moyoni mwao, na kila alipoambiwa hivyo alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Leo moyoni tena," anavua viatu na kuvitupa. Mwishowe mmoja wa wagonjwa wake, bibi mwenyeji wa Emirati aliyekuwa akitengenezewa naye meno ya bandia, akazungumza na mwanawe, naye akazungumza na mtu. Viza ya kutembelea ikatoka. Madam alikuja nayo jikoni, akaninyooshea. Nikacheza. Nilikuwa na kitunguu mkononi, nikacheza nacho.

Siku ya kufika kwake madam alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege, na dereva. Mimi nilibaki kupika. Nilipika kila kitu alichowahi kuniambia kwenye simu kwamba nakikosea. Nilifagia, nikafukiza udi, nikabadilisha kanga mara mbili kama anayengojea kuposwa. Niliposikia lifti nikafungua mlango kabla hawajagonga.

Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Hijabu nyeusi, koti zito la kijivu ambalo Dubai halina kazi, magoti yamepinda kidogo. Nyuma yake madam na begi, na dereva nyuma ya madam anatabasamu mpaka masikioni. Nilimfungulia mikono. Nilimwita mama, nikamwambia karibu, karibu nyumbani.

Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, amejipanga sawa, akafungua mkoba wake, akatoa pasipoti, akaninyooshea.

Nilianza kucheka. Yule alikuwa mtu wa mizaha, na nilidhani ananitania. Kisha nikamtazama usoni nikaona si mzaha. Hakuwa hata ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mahali palipo juu kidogo ya kifua changu, panapokaa kidirisha.

"Yumma," madam alisema nyuma yake. "Mama. Ni nyumbani hapa. Ni yeye, yule wa kwenye simu."

Bi Mkubwa alisikia, kwa maana aliitikia kwa kichwa. Lakini mkono haukurudi.

Nikaona nisipoipokea ataendelea kusimama pale. Basi niliipokea, kwa mikono miwili. Nikafungua penye picha. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye, kama walivyofanya wote waliomsimamisha kuanzia Baghdad.

"Siku ngapi?" akaniuliza.

Madam, ambaye alijua ni ngapi, aliinamia begi akajifanya anatafuta zipu.

"Mpaka utuchoke, mama," nilimwambia. "Ingia."

Akavua viatu, akaingia.